Anayekupima Macho ni Nani, na Bima Yako Inalipia Nini?

Pita mtaa wowote wa Kariakoo wenye maduka ya miwani na utakuta maandishi yaleyale: "Tunapima macho kwa kompyuta", "Kupima bure", "Bima zote zinapokelewa". Arusha ni hivyohivyo, Mwanza hivyohivyo, na siku hizi hata miji ya wilaya ina duka moja au mawili ya aina hiyo. Ni jambo la kushukuru, kwa sababu si zamani sana mtu wa wilayani alilazimika kusafiri kutwa nzima ili apate miwani tu. Lakini kuna maswali matatu ambayo ubao wa dukani hauyajibu. Anayenipima ni nani? Nani amemthibitisha? Na kadi yangu ya bima italipia kitu gani hasa? Watu huyachanganya yote yakawa swali moja, wakaridhika na jibu la "ndiyo, karibu", na hapo ndipo hasara inapoanza, ya fedha mara nyingi, na mara nyingine ya macho yenyewe.

Ninayoyaeleza hapa yanahusu zaidi Tanzania Bara, kwa kuwa mabaraza na mifuko ya bima hutofautiana nchi na nchi. Kwa walioko Zanzibar na Kenya nina maelezo mafupi karibu na mwisho.

"Daktari wa macho" ni watu kadhaa

Katika mazungumzo ya kawaida, kila aliyevaa koti jeupe na kushika tochi ndogo ni daktari wa macho. Kitaaluma mambo yamegawanyika.

Daktari bingwa wa macho amesoma udaktari wa binadamu miaka mitano, akafanya mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini, kisha akarudi chuoni kusomea macho peke yake kwa miaka mitatu au minne, Muhimbili, KCMC au nje ya nchi. Huyu ndiye anayetoa mtoto wa jicho kwa upasuaji, anayefanya upasuaji wa presha ya macho (glakoma), na anayetibu retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, iliyoharibiwa na kisukari. Katika hospitali nyingi za mikoa na wilaya wapo pia madaktari wasaidizi waliosomea macho, na wauguzi wa macho. Kwa miaka mingi hawa ndio waliobeba huduma hii nje ya miji mikubwa, na hawatajwi inavyostahili.

Mtaalamu wa optometria ana kazi yake tofauti. Anapima uwezo wa jicho kuona, anajua kama tatizo linarekebishika kwa lenzi, na anaandika namba ya miwani. Zaidi ya hapo, na hili wengi hawalijui, anakagua afya ya jicho na kutambua ugonjwa unaopaswa kupelekwa kwa bingwa. Hafanyi upasuaji. Ana stashahada au shahada. Chuo cha KCMC pale Moshi ndicho kilichowatoa wengi wa wataalamu hawa nchini. Wengine wamesomea Makerere kule Uganda, Masinde Muliro nchini Kenya, Mzuzu nchini Malawi, au India.

Halafu kuna fundi miwani na muuzaji. Fundi anakata lenzi kwa mashine, anazipachika kwenye fremu, na anapinda mikono ya fremu ikae vizuri masikioni. Fundi mzuri ni mtu wa thamani kubwa, maana lenzi sahihi ikipachikwa kitovu chake kikawa pembeni ya mboni, miwani itakuumiza kichwa kutwa nzima. Ila hajasomea kupima macho. Tatizo liko kwenye duka lenye fundi, muuzaji na mashine ya kupimia, lakini halina mtaalamu wa optometria, au mtaalamu anafika siku chache za wiki na siku zilizobaki anayepima ni kijana wa mauzo.

Kwa hiyo uende kwa nani? Kama ni mtu mzima unayeona ukungu kwa mbali, au umevuka miaka 40 na umeanza kuisogeza simu mbali na uso ili usome ujumbe, anza kwa mtaalamu wa optometria. Hakuna haja ya kupanga foleni ya bingwa kwa jambo hilo. Mwenye kisukari ni tofauti kidogo: yeye anatakiwa kukaguliwa retina kila mwaka hata kama anaona vizuri, na aseme wazi mapokezini kwamba ana kisukari, asiishie kupimwa miwani.

Yapo ambayo si ya duka la miwani kabisa. Jicho jekundu lenye maumivu makali. Jicho lililochomwa na kitu au kumwagikiwa kemikali. Kuona vimulimuli au kama pazia jeusi linashuka ghafla. Mtoto ambaye mboni yake inaonekana nyeupe, hasa kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa simu. Haya ni ya hospitali, siku hiyohiyo. Mboni nyeupe ya mtoto yaweza kuwa saratani ya jicho inayoitwa retinoblastoma, na kila wiki inayopita inampunguzia mtoto nafasi ya kupona.

Kompyuta ni mwanzo wa kipimo

Ile mashine unayowekea kidevu wengi wetu tunaijua. Unatazama ndani, unaona nyumba ndogo au puto mwisho wa barabara, picha inafifia kisha inakaa sawa, na karatasi nyembamba kama risiti inatoka. Karatasi ile ina makadirio ya namba ya jicho lako. Mtaalamu huyachukua kama pa kuanzia, kisha anakuvalisha fremu nzito ya majaribio na kukubadilishia lenzi mojamoja: "Hii ya kwanza, au hii ya pili? Ipi inaonyesha herufi vizuri zaidi?" Majibu yako ndiyo yanayokamilisha namba. Duka likitoa karatasi kwenye mashine na kwenda moja kwa moja kukata lenzi, umepimwa nusu.

Kwa watoto nusu hiyo ina madhara zaidi. Jicho la mtoto lina nguvu kubwa ya kujirekebisha lenyewe, na mashine hudanganyika kwa urahisi, ikasoma kwamba haoni mbali wakati haoni karibu, au ikazidisha namba. Ndiyo maana mtoto anayepimwa mara ya kwanza mara nyingi huwekewa matone ya kulegeza misuli ya jicho na kupanua mboni kabla ya kipimo. Mzazi akiambiwa asubiri nusu saa hivi matone yafanye kazi, asikasirike. Huo ni uangalifu. Na asicheleweshe: jicho moja likiwa dhaifu kuliko lenzake utotoni, ubongo hulizoea kulipuuza, na kulirudisha kunakuwa kugumu zaidi mtoto akishapita miaka saba au minane.

Kipimo kamili kinaanza kwa maswali. Una kisukari? Una presha? Unatumia dawa gani? Kuna mtu wa ukoo aliyepofuka? Kisha chati ya herufi, ile iliyotokana na kazi ya daktari Mholanzi Herman Snellen mwaka 1862, inayosomwa kwa umbali wa mita 6, jicho mojamoja. Ukiandikiwa 6/6, unaona kwa mita 6 kile ambacho jicho zima linatakiwa lione kwa mita 6. Ukiandikiwa 6/60, unachokiona kwa mita 6 mwenye jicho zima angekiona akiwa mita 60. Baada ya lenzi za majaribio, mtaalamu anapima presha ya ndani ya jicho, ambayo kwa kawaida huwa kati ya 10 na 21 kwa kipimo cha milimita za zebaki, kisha anamulika ndani kuangalia retina na mshipa wa fahamu wa jicho.

Sehemu hii ya mwisho ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoniuma zaidi. Presha ya macho, yaani glakoma, haiumi katika aina yake ya kawaida. Inaanza kula uoni wa pembeni huku ule wa katikati ukibaki safi, kwa hiyo mtu anasoma chati yote mpaka mstari wa chini na kuambiwa yuko salama. Watu wenye asili ya Afrika huipata zaidi na mapema zaidi kuliko wengine. Kinachopotea hakirudi, dawa na upasuaji huzuia tu kilichobaki kisipotee. Na kipimo cha presha peke yake hakitoshi, kwa kuwa wapo wenye glakoma ambao presha yao inasoma kawaida. Lazima mshipa wenyewe utazamwe.

Shangazi yangu ni mshonaji Morogoro. Alikuwa akilalamika kwamba sindano inampotea upande wa kushoto, na kila duka alilokwenda lilimpa namba mpya na miwani mipya. Halafu akapimwa na binti mmoja wa optometria katika kliniki ya hospitali, ambaye kabla ya kumwonyesha herufi yoyote alivuta kiti karibu.

"Shikamoo mama. Kabla sijakupima, nyumbani kwenu kuna aliyepofuka?"

"Marahaba mwanangu. Baba yetu alipofuka. Sisi tulisema ni uzee."

Binti akaweka fremu ya majaribio pembeni, akapima presha, akazima taa na kutazama ndani ya jicho la kushoto kwa muda mrefu. Siku hiyo hakuuza miwani. Aliandika barua ya rufaa kwa bingwa, akapigia mstari neno "haraka", na akamwambia shangazi awaambie ndugu zake wote nao wapimwe. Leo shangazi anaweka matone kila jioni. Jicho la kushoto lilikuwa limeshapoteza sehemu, la kulia limeokolewa.

Vyeti vya ukutani, na kipi kina maana

Ukiingia kwenye duka la miwani utaona fremu kadhaa za vyeti ukutani. Leseni ya biashara inaonyesha kwamba mtu ameruhusiwa kuuza. Cheti cha mlipa kodi cha TRA kinaonyesha kwamba yumo katika daftari la kodi. Vyeti vya semina za kampuni za lenzi vinaonyesha kwamba alihudhuria semina. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosema lolote kuhusu uwezo wa kupima jicho.

Chenye maana ni kile cha Baraza la Optometria, lililo chini ya Wizara ya Afya. Na hapo pia kuna mambo mawili ya kutenganisha: usajili na leseni ya mtaalamu mwenyewe, yenye jina lake, na kibali cha kituo au duka. Duka lenye kibali halimfanyi kila aliyemo kuwa mtaalamu. Soma jina kwenye leseni, soma tarehe ya kuisha, kisha uone kama ndiye huyo aliyekaa mbele yako. Nimekutana na leseni safi kabisa ukutani ambayo mwenyewe alikuwa ameshahamia mkoa mwingine.

Daktari bingwa yuko chini ya chombo kingine, Baraza la Madaktari Tanganyika. Jina la Tanganyika limebaki kwa sababu afya si jambo la Muungano, na Zanzibar ina baraza lake. Baraza hilo linaendeshwa kwa sheria ya mwaka 2017 na daftari lake linaweza kutafutwa mtandaoni kwa jina la daktari. Dakika chache za simu zinatosha kujua kama bingwa unayemlipa ni bingwa kweli.

Herufi zinazofuata jina nazo zinasomeka ukizijua. MD na MMed pamoja na neno la macho ni bingwa. FCOECSA ni mhitimu wa chuo cha madaktari bingwa wa macho wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini. BSc au Dip. ikifuatiwa na optometria ni mtaalamu wa optometria. Aliyesomea Marekani anaweza kuandika OD baada ya jina, ambayo ni shahada ya optometria ya kule, na hapo asichukuliwe kuwa daktari wa upasuaji.

Watu wengi huona aibu kuuliza haya. Kwetu mgonjwa hunyamaza mbele ya mtaalamu, na kuuliza cheti kunaonekana kama kumvunjia mtu heshima. Lakini kuna namna ya kuuliza. "Samahani daktari, naomba namba yako ya usajili iandikwe kwenye cheti changu cha miwani, maana kazini wananidai." Aliyesajiliwa ataiandika bila hata kuinua kichwa. Akianza kuzungukazunguka, lipia ulichokwisha kupata na uondoke.

"Tunapokea bima" maana yake nini

Hili ndilo fundo gumu kuliko yote, kwa hiyo tulifungue taratibu.

Kwa bima, macho si kitu kimoja. Kumwona mtaalamu na vipimo ni fao moja. Matibabu, kama matone au upasuaji wa mtoto wa jicho, ni fao la pili. Miwani ni la tatu. Kadi yako inaweza kuwa na mawili ya kwanza na isiwe na la tatu, au ikawa nalo kwa masharti. Ugomvi mwingi wa mapokezini unatoka hapa: mtu amepimwa kwa kadi bila kutoa shilingi, akaenda dirisha la miwani, akatajiwa bei, akaona ametapeliwa. Mara nyingi hakuna aliyemdanganya. Aliambiwa "tunapokea bima", na kwa fao la kwanza ilikuwa kweli.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi 2001. Mtumishi anachangiwa asilimia 6 ya mshahara, nusu yake na nusu ya mwajiri, na kadi inamhusu yeye, mwenzi wake na wategemezi hadi wanne. Miwani imo katika mafao ya Mfuko, lakini kwa masharti, na masharti hubadilika kitita, yaani orodha ya huduma zinazolipiwa na bei zake, kinapobadilishwa. Kwa hiyo usitegemee alichopata jirani yako miaka iliyopita. Uliza ofisi ya NHIF ya mkoa wako mambo manne: je, fao la miwani linamhusu mchangiaji peke yake au na wategemezi, linatolewa kila baada ya muda gani, kikomo cha bei ni kipi, na je, kunahitajika kibali cha Mfuko kabla ya kukata lenzi. Hilo la kibali ndilo linalowaumiza wengi. Lenzi zikishakatwa kwa namba yako hazirudishwi, na bima ikikataa unabaki na deni.

Kampuni binafsi zina utaratibu wake. Mwajiri anaponunua bima ya kundi, fao la macho na la meno mara nyingi huwa nyongeza inayolipiwa peke yake, na bajeti ikibana ni rahisi kuachwa. Watu wawili wanaweza kuwa na kadi za kampuni ileile, rangi ileile, mmoja akapata fremu na lenzi, mwenzake asipate chochote, kwa sababu waajiri wao walinunua vifurushi tofauti. Usimwulize mhudumu "mnapokea Jubilee?" au "mnapokea Strategis?" Mpe kadi, mwambie akague kifurushi chako kina kiasi gani cha fao la macho na kimebaki kiasi gani mwaka huu. Na afisa rasilimali watu wa kazini kwako anayo karatasi ya mafao. Iombe, uisome.

CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ambayo katika mikoa mingi kwa miaka kadhaa ilikuwa ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, iliwafikisha wanachama katika vituo vya umma hadi hospitali ya mkoa. Kwa kumwona mtaalamu wa macho wa hospitali ya umma ilikuwa msaada mkubwa. Kuingia nayo duka binafsi la miwani halikuwa jambo la kutegemea.

Kuna jambo lingine ambalo wagonjwa hawaambiwi. Duka la miwani lililo ndani ya jengo la hospitali si lazima liwe la hospitali. Linaweza kuwa mpangaji mwenye mikataba yake mwenyewe, na mkataba wa hospitali na bima yako haulihusu. Uliza dirishani hapohapo dukani, hata kama ghorofa ya chini wameshakuhudumia kwa kadi.

Mikataba yenyewe nayo huvunjika. Machi 2024, kitita kipya cha NHIF kilipoanza kutumika, hospitali kadhaa binafsi zilisitisha huduma kwa wanachama wa Mfuko kwa sababu ya mvutano wa bei. Watu walifika na kadi hai mkononi na kurudishwa getini. Kwa hiyo kibandiko cha bima kwenye kioo cha duka kinakuambia tu kwamba siku kilipobandikwa kulikuwa na makubaliano. Piga simu siku ile ile unayokwenda. "Habari za kazi. Nina kadi ya kampuni fulani, kifurushi fulani. Nataka kujua kama leo mnaipokea kwa kupima macho, na kama mnaipokea kwa miwani pia." Andika jina la aliyekujibu.

Mwisho wa huduma utaombwa kusaini fomu ya madai, ya karatasi au kwenye skrini. Isome. Mfuko umelalamikia mara nyingi udanganyifu katika madai, na sura ya udanganyifu huo ni ya kawaida sana: fomu inaonyesha fremu ya bei ya juu wakati umepewa ya bei ya chini, au miwani ya mtegemezi ambaye hakufika. Ukisaini, fao lako la kipindi hicho limekwisha, na wewe ndiye shahidi kwamba ulipokea.

Kuhusu nyongeza za lenzi: zinazobadilika rangi juani, zinazopunguza mng'ao, zinazozuia mwanga wa bluu. Kwa kawaida hizi huongezewa kutoka mfukoni mwako. Lenzi ya kupunguza mng'ao ina faida ya kweli kwa anayeendesha gari usiku. Ya mwanga wa bluu inauzwa kwa nguvu sana kwa wanaokaa na kompyuta, lakini mapitio ya tafiti ya Cochrane yaliyotoka 2023 hayakuona kwamba inapunguza uchovu wa macho kuliko lenzi ya kawaida. Fedha yako ielekeze kwenye kipimo kamili.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inamtaka kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima. Unapojiunga na skimu yoyote chini yake, swali la kuuliza ni lilelile: kumwona mtaalamu kumo, upasuaji umo, je, miwani imo?

Cheti cha miwani ni chako

Ukishapimwa, ondoka na karatasi ya vipimo hata kama hununui miwani hapo. Maduka yanayopima bure hupata faida kwenye fremu, na baadhi hukataa kutoa karatasi ili usiende kununua kwingine. Marekani kuna kanuni ya serikali kuu, iliyoanza 1978, inayomlazimisha mpimaji kumpa mteja cheti chake bila kukidai na bila malipo ya ziada. Hapa kwetu ulizia mapema, kabla hujaweka kidevu kwenye mashine: "Nitapewa cheti?"

Kwenye karatasi, OD ni jicho la kulia na OS ni la kushoto. SPH ni nguvu ya lenzi: alama ya kutoa ni ya asiyeona mbali, alama ya kujumlisha ni ya asiyeona karibu. CYL na AXIS zinahusu jicho ambalo umbo lake si la mviringo sawasawa. AXIS ni nyuzi kati ya 1 na 180. ADD ni nyongeza ya kusomea kwa waliovuka miaka 40. PD ni umbali kati ya mboni mbili kwa milimita, kwa mtu mzima mara nyingi sitini na kitu. PD ndiyo inayoachwa zaidi na ndiyo fundi anayoihitaji zaidi. Hakikisha pia kuna tarehe, jina la aliyepima na namba yake ya usajili. Bima nyingi hurudisha madai yasiyo na hivyo.

Ile miwani ya kusomea iliyo tayari, ya +1.00 hadi +3.50, inayouzwa hadi stendi, siidharau. Kwa mtu ambaye macho yote mawili yana namba moja na hana tatizo la mbali, inamsaidia kusoma na kushona kwa bei nafuu. Haimwambii tu kama ndani ya jicho kuko salama.

Ukiwa mbali na mji, usianze kwa kutafuta duka. Nenda hospitali ya wilaya, umwulizie mratibu wa huduma za macho wa wilaya. Mikoa nayo ina wa kwake. Mtu huyu anajua mtaalamu wa optometria aliye karibu yuko wapi, anakuja lini, na kambi ya macho inayofuata itafanyika kijiji gani. Kambi ni nzuri, lakini uliza nani atakuangalia baada ya timu kuondoka, hasa kama umefanyiwa upasuaji.

Zanzibar, pa kuanzia ni kitengo cha macho cha Mnazi Mmoja, na bima ya kuulizia ni ya Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar. Kenya, NHIF ya kule haipo tena. Nafasi yake ilichukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, tarehe 1 Oktoba 2024, kwa mchango wa asilimia 2.75 ya mapato, kwa hiyo kibandiko cha NHIF kwenye duka la Nairobi au Mombasa hakina kazi. Daktari bingwa wa huko anatafutwa kwenye daftari la KMPDC, baraza la madaktari la Kenya, na maafisa tabibu wa macho kwenye baraza la maafisa tabibu.

Miwani mipya inaweza kukusumbua siku chache za mwanzo, sakafu ikaonekana imeinama au kichwa kikauma kidogo. Ikipita wiki mbili bado, rudi na cheti na risiti. Omba miwani ipimwe kwenye lensomita mbele yako, mashine inayosoma namba ya lenzi, na namba hiyo ilinganishwe na ya cheti. Zikitofautiana, kosa ni la karakana na wanatakiwa kukata upya. Zikilingana, omba kupimwa tena macho. Wakikataa yote mawili, malalamiko kuhusu mpimaji au duka yanapelekwa Baraza la Optometria. Kuhusu NHIF, ofisi ya Mfuko ya mkoa. Kuhusu kampuni binafsi ya bima, TIRA (mamlaka inayosimamia bima) au ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ambatanisha nakala ya cheti, risiti na fomu ya madai, ubaki na zile halisi.